Maswali ya Wasomaji: Njiwa na Kunguru Wanaosumbua Mjini

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu ndege waliofanya makazi kwenye majengo. Tumechagua tano, na tumezifupisha kidogo.

Swali: Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya wakazi wa jengo la ghorofa. Njiwa wamejaa kwenye kingo za madirisha na juu ya viyoyozi. Tulimlipa mtu akawatega na kuwaua, lakini baada ya miezi michache idadi yao ilikuwa ileile. Sasa tunashauriwa tutumie sumu. Tukubali?

Jibu: Msikubali, ndugu mwenyekiti. Njiwa wa mjini ni uzao wa njiwa wa majabali, *Columba livia*, ambao asili yao ni kutaga kwenye miamba mirefu iliyochongoka, na ndiyo maana ukingo wa dirisha la ghorofa ya saba kwao ni makazi mazuri kabisa. Jozi moja hutaga mayai mawili kwa mkupuo na kuyaatamia kwa takriban siku 18, na palipo na chakula tele huweza kurudia hivyo mara tano au sita kwa mwaka. Ukiwaua mia, umewaachia nafasi na chakula makinda mia ambao vinginevyo wangekufa kwa njaa au kwa kukosa pa kukaa.

Jaribio lililochunguzwa kwa makini zaidi lilifanyika katika mji wa Basel nchini Uswisi. Kati ya mwaka 1961 na 1985 waliuawa huko njiwa wapatao 100,000, na bado idadi yao ikabaki karibu 20,000 vilevile. Mwaka 1988 mtaalamu wa wanyama Daniel Haag-Wackernagel na wenzake walibadili mbinu: waliwaelimisha wakazi waache kuwamwagia ndege chakula, na wakajenga vibanda maalumu ambamo mayai yaliondolewa. Baada ya takriban miaka minne idadi ilikuwa imepungua kwa nusu. Sumu, kwa upande wake, haichagui: humuua njiwa, kisha ikamuua mwewe au paka aliyemla njiwa huyo, na katika nchi nyingi kuitumia bila kibali ni kosa la jinai.

Kwa hiyo fedha mliyotenga kwa ajili ya sumu itumieni kwanza kufunika mapipa ya taka, kisha kuziba sehemu wanazotua. Ukingo ukiwekewa ubao au bati lenye mwinamo wa nyuzi 45 au zaidi, njiwa huteleza na kuondoka. Wavu ndio kinga ya kudumu kuliko zote, mradi macho yake yalingane na ndege anayezuiwa: milimita 50 kwa njiwa, lakini 19 kwa shomoro. Uvutwe hadi ukaze, kwa sababu wavu uliolegea hunasa ndege, nao wakifia humo mtakuwa mmejiletea tatizo jipya. Miiba ya chuma inasaidia kwenye kingo nyembamba, ingawa haishindi kila ndege. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walieleza jinsi kunguru na jamaa zao walivyong'oa miiba hiyo na kuijengea viota. Kiota kimoja kilichopatikana Antwerp, Ubelgiji, kilikuwa na miiba ipatayo 1,500. Nakiri kwamba habari hiyo ilinifurahisha kuliko inavyostahili kumfurahisha mtu anayetoa ushauri wa kuwazuia ndege.

Swali: Fundi anatuuzia kifaa kinachofukuza ndege kwa sauti ambayo binadamu hawaisikii. Je, kinafanya kazi?

Jibu: Sauti iliyo juu ya uwezo wa sikio la binadamu ndege nao hawaisikii, kwa hiyo kifaa hicho kitakuwa kinapiga kelele kwa manufaa ya popo. Bundi wa plastiki humtisha njiwa kwa siku chache tu, mpaka atakapogundua kwamba bundi huyo hasogei. Bakini na fedha zenu.

Swali: Jirani yetu, mama mtu mzima anayeishi peke yake, huwamwagia njiwa nafaka kila asubuhi. Tunamheshimu sana na hatutaki kugombana naye, lakini kinyesi kimezidi.

Jibu: Msianze kwa kumtishia na sheria, hata kama ipo. Miji kadhaa imepiga marufuku jambo hili, ikiwemo London katika uwanja wa Trafalgar mwaka 2003 na Venice katika uwanja wa San Marco mwaka 2008, lakini marufuku haiwezi kuziba pengo la mtu ambaye wageni wake pekee wa asubuhi ni ndege. Mwendeeni kwa adabu, mkimweleza kwamba nafaka nyingi huzalisha makinda wengi kuliko nafasi iliyopo, nao huishia kusongamana na kuambukizana maradhi. Kwa maana hiyo, anayewapenda njiwa ana sababu ya kuwapunguzia chakula. Kama halmashauri ya mji wenu iko tayari, ombeni kijengwe kibanda kimoja cha njiwa ambacho yeye mwenyewe anaweza kukihudumia. Huko Augsburg, Ujerumani, njiwa hulishwa kwenye vibanda vya namna hiyo, na mayai yao hubadilishwa kwa mayai bandia ambayo huyaatamia bila kuanguliwa kitu.

Swali: Kunguru hunishambulia kichwani kila ninapopita chini ya mti mmoja. Wengine hawaguswi. Nimewakosea nini?

Jibu: Huenda uliwahi kukaribia kiota au kumgusa kinda aliyeanguka. Katika utafiti ulioanza mwaka 2006 huko Seattle, Marekani, mtafiti John Marzluff na wenzake walivaa kinyago walipowakamata kunguru, na kwa miaka kadhaa baadaye kunguru wa eneo hilo walimzomea yeyote aliyekivaa. Tumia njia nyingine au fungua mwavuli mpaka makinda waruke. Usiwarushie mawe, maana utakuwa unawathibitishia dhana yao.

Swali: Darini mwetu kuna kinyesi cha miaka mingi. Tufagie vipi?

Jibu: Msifagie kikiwa kikavu. Vumbi lake linaweza kubeba kuvu aina ya *Cryptococcus* na *Histoplasma*, pamoja na bakteria wa psitakosi (ugonjwa wa mapafu unaoambukizwa na ndege), na yote hayo huingia mwilini kwa njia ya pumzi. Mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili asipande darini kabisa. Mfanyaji kazi avae glavu na barakoa ya kuchuja vumbi ya daraja la FFP2 au N95, anyunyizie maji taratibu mpaka rundo lilowe, kisha alikokote kwa koleo ndani ya mifuko miwili na kuifunga. Lundo kubwa waachieni wenye vifaa vya kazi hiyo. Kabla ya kuziba tundu waliloingilia, chunguzeni kama kuna kiota chenye makinda. Mkiwakuta, subirini wiki nne au tano mpaka waruke, kwani mkiziba mapema watafia ndani, na harufu itawafikia kabla hamjamaliza kumlipa fundi.