Maswali ya wasomaji: kima wa Marrakech, mbuzi juu ya mti na "Sahara" ya nusu siku

Tangu AFCON ichezwe Morocco, simu yangu imegeuka dirisha la ubalozi. Waliokwenda kushangilia wamerudi na picha, na ndugu, jirani na shemeji zao nao sasa wanataka kwenda. Ya viza sijibu, ubalozi upo. Yafuatayo ni ya zile ziara za nusu siku zenye wanyama, ambazo mnaziulizia kuliko misikiti na makasri.

Habari. Ziara ya nusu siku ya Morocco yenye wanyama ni shilingi ngapi? (Msomaji, Tabata)

Na nauli ya Tanzania ni shilingi ngapi? Hili nimeulizwa mara sita mwezi huu na hakuna hata mmoja aliyetaja mji. Ukilala Tangier, nusu siku yako ni rasi ya Spartel na ngamia wa ufukweni. Ukilala Fes, ni msitu wa mierezi wa Azrou wenye kima wa mwituni, kama kilomita 80 za kupanda mlima. Marrakech ni ngamia wa Palmeraie, kwenye mitende, au wa nyika ya Agafay. Agadir watakupeleka kuona mbuzi juu ya miti, na wengine wataongezea bustani ya mamba wa Mto Nile. Mtu kutoka nchi ya Rufiji kulipa nauli ya ndege akaone mamba, hilo namwachia mwenyewe.

Ukishajua mji, bado usiulize bei kwanza. Uliza utakaa na mnyama dakika ngapi. "Nusu siku" ni saa nne au tano, na ndani yake mna kuzunguka mahoteli kuchukua wenzako, mna barabara, na mna kusimama kwenye duka la mafuta ya argan au mazulia ambako dereva ana chake. Mimi nimewahi kutoka hotelini saa mbili asubuhi na kurudi saa saba mchana, na juu ya ngamia nilikaa dakika thelathini na tano. Niliangalia saa.

Nitaona simba wa Atlas? (Juma, Morogoro)

Uwanjani, wamevaa jezi nyekundu za timu ya taifa. Yule wa porini, wa mwisho kujulikana alipigwa risasi mwaka 1942 kwenye kipito cha Tizi n'Tichka. Vizazi vya simba waliokuwa wakifugwa na wafalme wapo bustani ya wanyama ya Rabat. Mikumi iko nyuma ya nyumba yako, Juma.

Tumeona tangazo: "Sahara, machweo na ngamia, nusu siku kutoka Marrakech, unarudi kulala hotelini." Tumetuma amana. Tubebe nini? (Wanandoa, Nakuru)

Mbebe subira, maana mmeshaingizwa mjini. Kutoka Marrakech hadi matuta ya mchanga ya Merzouga, yale mnayoyaona kwenye picha, ni zaidi ya kilomita 500, na barabara inaukata mlima wa Atlas. Ni siku nzima ndani ya gari, saa tisa au kumi kwa mtu asiyesimama kula. Hakuna nusu siku inayofika huko na kurudi.

Mtakachopelekwa ni Agafay, nyika ya mawe na vilima vya udongo mkavu, mwendo wa chini ya saa moja kutoka mjini. Sisemi ni pabaya. Jioni kukiwa hakuna vumbi, theluji ya Atlas inaonekana kwa mbali na vilima vinageuka rangi ya ngozi ya ngamia mwenyewe. Lakini mchanga hakuna. Kinachonikera ni kuuziwa Agafay kwa jina la Sahara na kwa picha ya Merzouga, halafu mteja anamlalamikia yule kijana anayeongoza ngamia, ambaye tangazo hata hakuliandika. Mnaotaka mchanga, tafuteni siku tatu. Mnaotaka ngamia tu na chai ya nanaa, Agafay inatosha, na bebeni koti. Saharani au Agafay, jua likizama baridi haina utani.

Mdogo wangu alipiga picha na nyani begani pale Jemaa el-Fnaa, uwanja wa Marrakech, wakamdai dirham 200. Ni bei halali? Nami naenda mwezi wa nne, nilipe ngapi? (Msomaji, Kariakoo)

Usilipe kitu, kwa sababu hutapiga hiyo picha.

Kwanza si nyani. Ni kima asiye na mkia, na jamaa zake wote wa jenasi hiyo wako Asia. Afrika yupo yeye peke yake, kwenye misitu ya Morocco na Algeria. Tangu 2008 ameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka, na mwaka 2016 nchi zilizo kwenye mkataba wa CITES zilimpandisha daraja la juu kabisa la ulinzi, lile linalokataza biashara yake kati ya nchi na nchi. Huyu wa begani kwa mdogo wako hakuzaliwa uwanjani. Kima wa biashara hii huchukuliwa msituni wakiwa wadogo, kwa mama zao, na hakuna mama anayetoa mtoto kwa hiari.

Niliwahi kukaa ghorofani kwenye mgahawa mmoja unaoangalia uwanja ule, chai yangu ikapoa mbele yangu. Chini yangu kulikuwa na kima aliyevishwa pampasi na fulana ya mpira, mnyororo shingoni. Akitua begani kwa mgeni, mgeni anapigwa picha, bei inapanda. Mgeni akiondoka, kima anarudishwa kwenye kisanduku cha mbao kisichomtosha kusimama. Kila alipotolewa alianza kwa kujikuna pale mnyororo ulipomgusa, palepale, manyoya yalikwisha. Nilihesabu wageni kumi na mmoja, kisha nikashindwa kuendelea.

UNESCO iliutambua uwanja ule mwaka 2001 kwa ajili ya wasimuliaji hadithi, wapiga ngoma na ufundi wa watu wake. Kaa kwenye duara la wapiga ngoma, tupa sarafu, hapo pesa yako imekwenda kwa mtu aliyejichagulia kazi. Na tuambizane ukweli: Jozani tunamfokea Mzungu akinyoosha mkono kumgusa kima punju, halafu sisi wenyewe tukifika Marrakech tunambeba wa wenzetu begani tukicheka.

La afya sasa. Morocco kuna kichaa cha mbwa, na hakiambukizwi na mbwa peke yake. Ukiumwa au kukwaruzwa na kima, paka au mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe sindano. Usisubiri kurudi nyumbani. Dalili zikishatokea, ni suala la mazishi.

Ukitaka kima kweli, nenda Azrou. Wapo huru, wanakaa juu ya mierezi na kando ya barabara. Usiwape mkate wala karanga hata wauzaji wakikusihi. Kima aliyezoea mkate huacha msitu, akahamia lami, na magari hayamsubiri avuke. Na vaa nguo nzito: Ifrane, mji wa jirani, ndiko ilikopimwa baridi kali kuliko zote Afrika, nyuzi 23.9 chini ya sifuri, mwaka 1935.

Na wale wacheza na nyoka? Wanasema wametolewa sumu. (Amina, Ilala)

Wanasema. Wale ni swila wa Misri na vifutu, na baadhi hushonwa mdomo, ndiyo maana hawaumi na ndiyo maana hawadumu. Ukisikia zumari, pita mbali. Ukisogea hatua tatu utakuta nyoka shingoni kwako na mkono wa mtu mfukoni mwako.

Mama yangu ana miaka 63 na kiuno kinamsumbua. Tumemlipia safari, anatamani sana ngamia. Apande? (Mwanaidi, Tanga)

Dada Mwanaidi, ngamia akitembea hana neno. Kiuno kinaumia akinyanyuka na akipiga magoti. Huinua miguu ya nyuma kwanza, kwa hiyo mpandaji anarushwa mbele kama anayetaka kusujudu. Mama ajue mapema: alale nyuma, ashike kwa mikono miwili chuma cha mbele cha tandiko, na asilegeze mpaka miguu ya mbele nayo isimame. Kushuka ni vivyo hivyo: ngamia anaanza kukunja ya mbele, mama anaendelea kulala nyuma. Asiwe anashika simu. Wengi wanaoanguka ninaowaona walikuwa wanajipiga picha.

Kabla hajapanda, wewe mkague ngamia. Angalia chini ya tandiko, kwenye mbavu na kifuani, kama kuna vidonda au manyoya yaliyonyonyoka. Angalia kamba imefungwa wapi: ikiwa kwenye kichwa kama hatamu, sawa, ikiwa imepita kwenye pua na pua inatoa damu au usaha, ondokeni, na mwambieni mwenyewe kwa nini mnaondoka. Angalia kama kuna kivuli na maji wanapopumzikia. Ngamia kukoroma na kulalamika anaponyanyuka si dalili ya kuteswa, ni desturi yake.

Kama baada ya hayo bado una wasiwasi, mpeleke mama ufukwe wa Mombasa kwanza. Wako ngamia, ni karibu na Tanga, na akishindwa mtajua kwa nauli ya basi.

Mbuzi kupanda miti ni kweli au ni kompyuta? (Msomaji, Kigali)

Ni kweli, na ni uongo. Mbuzi wa kusini magharibi mwa Morocco hupanda mwargani, mti wa yale mafuta ya argan, wenyewe kufuata matunda, hasa kipindi ambacho chini hakuna majani. Lakini ukiwa kwenye barabara ya Marrakech kwenda Essaouira ukaona mbuzi kumi wametulia juu ya mti mmoja kama kuku darini, kila mmoja kwenye ubao wake, na mtu anakuja mbio kutaka bakshishi, wale wamepandishwa. Wengine wamefungwa. Wanaachwa juani kutwa. Mbuzi aliyepanda mwenyewe anatafuna na kuhama tawi, hakukodolei macho. Mwambie dereva asisimame. Atasema wageni wote husimama.

Sisi wa Lamu tunawajua punda. Kuna ubaya kupanda kigari cha farasi Marrakech? (Bwana Athman, Lamu)

Athman ndugu yangu, wewe ndiye ungenifundisha mimi. Ubaya hauko kwenye kigari, uko kwenye farasi gani, saa ngapi, na mmekaa wangapi. Mwezi wa saba saa nane mchana, Marrakech huweza kupita nyuzi 40, na lami inachoma kuliko hewa. Panda asubuhi au baada ya alasiri. Mtazame farasi kwato na midomo. Mkiwa sita, chukueni viwili. SPANA, shirika la kuhudumia wanyama wa kazi lililoanzishwa mwaka 1923, lina kituo chake mjini humo na hutibu farasi hao.

Ila wewe nenda Fes. Ndani ya mji wa kale gari haliingii. Saruji, ngozi, mitungi ya gesi na soda vyote viko mgongoni mwa punda na nyumbu. Ukisikia "Balak!" nyuma yako, hiyo ndiyo "simile!" yao, banana na ukuta upesi. Nje ya ngome kuna American Fondouk, hospitali inayotibu punda na nyumbu bure tangu miaka ya 1920. Kwa mtu wa Lamu mwenye hospitali ya punda kwao, saa moja pale ina faida kuliko ziara tano za ngamia, na ukiacha mchango unaona unakokwenda.

Kampuni inataka nilipe yote kwa WhatsApp kabla ya kufika. (Msomaji, Bujumbura)

Hapana.

Neno gani la Kiarabu cha kule nijifunze? Kiswahili si kinafanana? (Zuhura, Zanzibar)

Kufanana ndiko kutakakokuponza. Jifunze "la, shukran", mkono kifuani, huku unatembea. Na lichunge sana neno "safi". Kwao "safi" ni "basi, imekwisha, tumekubaliana". Rafiki yangu mmoja alitajiwa bei ya ngamia, akaona ni mzaha, akacheka akasema "Safi!" kwa kejeli ya kwetu. Mchunga ngamia akampigisha ngamia magoti palepale. Ilichukua nusu saa na mzee mmoja muuza machungwa kuwasuluhisha.

Mimi ni baharia, meli yetu itafunga Tanger Med na nina ruhusa ya saa saba. Nitaona nini? (Baharia wa Mombasa)

Swali la kwanza leo lenye mji na muda. Mungu akuzidishie.

Bandari iko kama kilomita 40 mashariki mwa mji wa Tangier, na unachotaka kiko magharibi yake, kwa hiyo toa saa mbili na nusu za barabara kwa kwenda na kurudi. Rasi ya Spartel ina mnara wa taa uliojengwa 1864. Simama pale uone Atlantiki ikiingia mlango wa bahari. Karibu yake ni pango la Hercules, ambalo tundu lake la kutokea baharini lina umbo la ramani ya Afrika. Ngamia wako ufukweni hapo chini. Mpande dakika kumi kama lazima, kwa masharti niliyompa Mwanaidi.

Ukibakiza saa moja, ingia mji wa kale uulize kaburi la Ibn Battuta, au linalosemwa kuwa lake. Alizaliwa hapo 1304, na mwaka 1331 alifika kwenu Mombasa, akaendelea hadi Kilwa. Chumba ni kidogo, kwenye kichochoro cha kupanda, na watoto wa hapo watakuonyesha kwa sarafu.

Bei ya teksi ipatane kwenda na kurudi kabla hujafunga mlango, na dereva mtajie saa unayotakiwa getini, usimtajie saa ya meli kuondoka.