Maswali ya Wasomaji: Turmalini ya Kijani Iliyobadilika Rangi Kutoka Dukani Hadi Sebuleni

SWALI: Mshauri wa vito, salamu nyingi. Binti yangu anaolewa, nami nimekusudia kumtengenezea pete ya dhahabu yenye kito cha kijani. Sonara mmoja wa katikati ya jiji alinionyesha turmalini ya kijani yenye uzito wa karati mbili na nusu, iliyokatwa mstatili mrefu, ambayo chini ya taa zake ilikuwa ya kupendeza kweli. Kwa kuwa tunafahamiana, aliniruhusu niende nayo nyumbani nikawaonyeshe wenzangu. Tulipoitazama jioni sebuleni, ncha zake mbili zilikuwa nyeusi na katikati palikuwa na rangi ya zeituni. Je, nimepewa kioo? Halafu, kwa nini jiwe jingine alilonalo, ambalo ni dogo kuliko hili na ambalo analiita kromu, analiuza kwa bei kubwa zaidi? – Mama wa bibi harusi, Tabata.

JIBU: Mama, hongera kwa shughuli iliyo mbele yako. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni dalili ya kioo. Kioo cha kijani huwa na rangi ile ile kila upande unaokitazama, ilhali jiwe linalokuwa jeusi kwenye ncha na kijani katikati linaonyesha tabia ya turmalini yenyewe, tabia ambayo lilizaliwa nayo ardhini. Linalokuhusu zaidi ni namna jiwe hilo lilivyokatwa, na kama rangi uliyoiona dukani ndiyo binti yako atakayoivaa.

Turmalini huota kama mche mrefu mwembamba wenye mistari inayofuata urefu wake, na mche huo ukikatwa kwa kukatiza, sura yake ni ya pembetatu yenye pande zilizotuna. Mwanga unaopita kutoka ubavu hadi ubavu hutoka na rangi moja, na ule unaopita kwa urefu, kutoka kichwa hadi mkia, hutoka na rangi nyingine iliyo nzito zaidi. Katika turmalini nyingi za kijani, ambazo rangi yake inatokana na madini ya chuma, njia hii ya pili humeza mwanga kwa kiasi kwamba jiwe huonekana jeusi, au kahawia inayoelekea zeituni. Yeyote aliyewahi kushika jiwe ghafi la aina hii ameliona jambo hilo: ukiliinua dirishani na kulitazama ubavuni unapata kijani safi, lakini ukiligeuza ulitazame kwa kichwa huoni kitu.

Ndiyo maana mawe haya mara nyingi hukatwa mstatili. Mkataji huulaza uso wa kito sambamba na urefu wa mche ili macho yapokee rangi ya ubavuni, na kwa kufanya hivyo anaokoa uzito pia, kwa sababu mche wenyewe ni mwembamba. Tatizo hubaki kwenye zile ncha mbili, kwa kuwa nyuso za chini, yaani vibapa vidogo vilivyochongwa kwenye tumbo la jiwe, zilizo upande huo hurudisha ule mwanga uliosafiri kwa urefu. Mkataji anayeijua turmalini huzichonga nyuso hizo kwa mwinamo mkali, wakati mwingine unaozidi digrii 70, ili mwanga huo mweusi usirudi machoni, lakini anayekata kila jiwe kwa kipimo kimoja huziacha na mwinamo wa kawaida, na matokeo yake ni ncha kama hizo ulizoziona. Weusi huo hauondoki kwa kung'arishwa. Ama jiwe likatwe upya na kupoteza sehemu ya uzito wake, ama bei ishuke ilingane na hali yake, na hilo una haki ya kumweleza sonara wako bila kusita.

Kuhusu ile rangi ya zeituni, mshukiwa ni taa ya sebuleni kwako. Taa za makabati ya masonara huwa nyeupe, kali na zenye kuelemea ubuluu, na kijani hustawi chini ya mwanga wa namna hiyo. Taa ya njano ina wekundu mwingi na ubuluu kidogo. Kwa kuwa chuma kilichomo ndani ya turmalini humeza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu, taa hiyo inalinyima jiwe ule mwanga ambao lingeurudisha, na kinachobaki ni giza lenye umanjano. Hakuna aliyekudanganya hapo, isipokuwa kwamba ulionyeshwa jiwe mahali linapopendeza kuliko popote.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, litazame jiwe katika mwanga wa aina tatu: kando ya dirisha mnamo saa nne asubuhi, mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja, kisha chini ya taa nyeupe ya ofisini, na mwisho chini ya taa ya njano, kwa sababu harusi nyingi za mjini hapa hufanyika usiku ukumbini na pete itaonekana hapo kuliko dirishani. Jua la saa sita mchana la Dar es Salaam usilifanye hakimu, maana ni kali kiasi kwamba hata jiwe zito kabisa hutoa cheche za kijani na kukufanya usahau lilivyo kivulini. Mwombe sonara alitoe jiwe kwenye karatasi aliyolikunjia, kwa kuwa karatasi ya njano au ya buluu huongeza rangi isiyo ya jiwe, kisha uliweke katikati ya vidole vyako, uso wake ukiwa juu, jinsi litakavyokaa kwenye pete. Likiwa limekwisha kupachikwa na nyuma yake pamezibwa, sharti uwe na wasiwasi, kwa sababu huwezi kujua kilichowekwa chini yake.

Unapolitazama hivyo, jiulize mambo mawili. Kwanza, kijani hicho kinaelekea wapi? Kuna kijani chenye ubuluu, kuna cha jani la mgomba, kuna chenye umanjano, na kuna kilichochanganyika na ukahawia. Hiki cha mwisho ndicho chenye thamani ndogo, na vile vilivyo safi au vyenye ubuluu kidogo ndivyo hutafutwa zaidi. Pili, rangi imekolea kwa kiasi gani, na giza limeanza wapi? Hapa wanunuzi wetu wengi hukosea, kwa sababu wameaminishwa kwamba jiwe lililokolea zaidi ndilo bora. Kukolea ni jambo zuri, lakini giza si kukolea. Jiwe linalong'aa kwa robo ya uso wake tu, huku robo tatu zikiwa zimezimika, ni jiwe zito mno hata kama hiyo robo ni ya kijani kizuri. Kwa kuwa mwanga husafiri mbali zaidi ndani ya jiwe kubwa, mche ule ule unaotoa kito cheusi cha karati nne unaweza kutoa vito vya kupendeza vya nusu karati. Mimi, kwa pete ya karati mbili na nusu, ningechagua jiwe lenye wepesi kidogo, ilimradi lisiwe limepauka kiasi cha kuona ngozi ya kidole kupitia katikati yake.

Katika turmalini ya kijani ya kawaida tarajia usafi pia. Tofauti na zumaridi, au hata turmalini nyekundu, ambazo wanunuzi huvumilia nyufa zake, turmalini ya kijani hupatikana safi kwa macho bila shida kubwa, na mpasuko unaoonekana bila lenzi ni sababu tosha ya kutaka punguzo au kuliacha jiwe.

Sasa nije kwenye hiyo kromu. Ni turmalini, lakini ya ukoo mwingine wa madini hayo, na rangi yake inatokana na metali za vanadi na kromu badala ya chuma. Afrika Mashariki ndiyo inayosifika nayo: kwetu hupatikana hasa Landanai, wilayani Simanjiro katika mkoa wa Manyara, na kwa majirani zetu Kenya hupatikana upande wa Taita Taveta. Kijani chake ni kikali na kimejaa, kiasi cha kushindana na zumaridi nzuri. Bei yake inatokana na rangi hiyo na uchache wake, kwani mawe ghafi huwa madogo na yenye nyufa nyingi, na kito safi kinachozidi karati tano ni adimu. Kwa hiyo haishangazi kwamba jiwe dogo la kromu linalipita kwa bei jiwe lako la karati mbili na nusu.

Linaloshangaza ni wingi wa mawe yanayoitwa kromu mjini kwetu. Wauzaji wengine huliita kromu jiwe lolote la kijani lenye kupendeza, na wewe ukalipa bei ya Landanai kwa jiwe la kijani cha chuma. Kuna kifaa kidogo kiitwacho kichujio cha Chelsea, ambacho masonara na madalali makini wanacho mfukoni. Ukilitazama jiwe kupitia kichujio hicho chini ya taa kali, turmalini ya kromu kwa kawaida huonekana nyekundu au ya waridi, ilhali ile ya chuma hubaki kijani. Muombe muuzaji akuonyeshe mbele yako. Ikiwa fedha inayohusika ni nyingi, usitosheke na kichujio peke yake. Mpelekee jiwe mtaalamu aliyesomea jemolojia, yaani elimu ya vito, fani ambayo hapa nchini hufundishwa katika Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha. Na popote utakaponunua, nunua kwa mwenye leseni ya biashara ya madini, udai risiti ya EFD, ile inayotolewa na mashine ya kodi, na risiti hiyo iandikwe jina kamili la jiwe na uzito wake kwa karati, si "kito cha kijani" tu.

SWALI: Nina mawe matatu ya kijani niliyorithi kwa marehemu baba, aliyekuwa dalali Arusha. Nimeambiwa moja ni zumaridi, moja ganeti ya kijani na moja turmalini, lakini hakuna anayejua lipi ni lipi. Naweza kuyatenganisha mwenyewe? – Msomaji wa Mbezi.

JIBU: Turmalini unaweza kuipata bila shida, ndugu yangu. Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, utazame kupitia uso wa juu hadi kwenye kingo za nyuso za chini, huku ukiligeuza jiwe polepole. Turmalini huugawa mwanga mara mbili kwa nguvu, hivyo kingo hizo zitaonekana zimejirudia mbili mbili. Katika ganeti hazijirudii kabisa, na katika zumaridi ni kidogo mno kwa jicho lisilo na mazoea. Njia nyingine ni kuchukua miwani ya jua yenye vioo vya polaroidi, uweke kioo kimoja kati ya jicho lako na jiwe, kisha ukizungushe: rangi ya turmalini itazama na kuinuka kadiri unavyozungusha, na ile ya ganeti haitatikisika.

Kutenganisha mawili yanayobaki, mpe mtaalamu. Ganeti ya kijani, ambayo mwanajiolojia Campbell Bridges aliigundua Simanjiro mwaka 1967 na ambayo mwaka 1974 ilipewa jina la tsavoraiti kutokana na Tsavo ya Kenya, ni nzito kwa ukubwa wake kuliko zumaridi, na zumaridi kwa kawaida ina nyufa na vumbi la ndani. Lakini zumaridi nyingi hujazwa mafuta kufunika nyufa hizo, na kwa hilo lenzi ya mkononi inaweza kukupotosha. Kwa sasa usiyaoshe kwa maji ya moto.

SWALI: Je, pete ya turmalini inafaa kuvaliwa kila siku na mtu anayepika na kufua? – M. S., Kigamboni.

JIBU: Inafaa, kwa masharti. Ugumu wake katika kipimo cha Mohs ni kati ya 7 na 7.5, na mchanga, ambao kwa sehemu kubwa ni kwatzi, una ugumu wa 7, kwa hiyo kusugua sufuria kwa mchanga ukiwa umeivaa kutaufifisha uso wa jiwe taratibu. Adui yake mkubwa ni mabadiliko ya ghafla ya joto, yaani kutoka jikoni kwenye moto na kuingiza mkono kwenye maji ya friji, au sonara kurekebisha pete kwa moto bila kulitoa jiwe kwanza. Ioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki mlaini, na ukatae ikiwa fundi atataka kuitia kwenye mashine ya kusafishia kwa mtetemo au kwa mvuke.