Swali la Lugha: Mzima anapona nini?

Msomaji wetu, mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari mkoani Morogoro, anauliza: "Kwenye ratiba ya timu nimeandika kuwa Jumatatu ni 'siku ya kupona', maana Jumapili tunacheza mechi. Mzazi mmoja kanipigia simu kwa hofu, anataka kujua mwanawe kaumia wapi. Mimi nina kijana mmoja tu mwenye jeraha, la goti. Je, nimekosea?"

Umekosea, mwalimu, ila hukuanza wewe. Watangazaji na makocha wamelizoea kosa hili, nami limenikera miaka mingi. Kupona ni kutoka katika ugonjwa, jeraha au hatari. Mwenye malaria hupona. Aliyenusurika ajalini ameponea chupuchupu. Mzima haponi, kwa kuwa hakuugua.

Mtazame hamali wa Kariakoo. Kutwa kabeba magunia, jioni kajilaza, mgongo unamuwaka moto. Muulize anafanya nini, atakwambia anapumzika. Kesho alfajiri atakwambia nguvu zimemrudia. Akisema "napona", mkewe atatafuta gari la kumpeleka hospitali, na atakuwa na haki. Hamali huyu hajasoma elimu ya viungo, lakini maneno yake mawili yanausema mwili kuliko ratiba nyingi za makocha nilizoziona.

Kupumzika kumetoka kwenye pumzi, na ndiko mwili unakoanzia: mkimbiaji akishavuka mstari hutweta, na kwa dakika chache misuli hujaza tena fosfeti ya kreatini, ile akiba ya haraka inayotumika katika sekunde za kwanza za mbio kali. Laktati, ile kemikali inayotolewa na misuli ikifanya kazi kali na kusingiziwa maumivu ya kesho yake, huwa imeshuka kufikia hali ya kawaida ndani ya saa moja hivi. Kisha ndipo nguvu hurudi, tena polepole. Glikojeni, yaani wanga uliowekwa akiba kwenye misuli na ini, ikiisha kwa mbio ndefu huhitaji takriban siku nzima ya kula vizuri ili ijae. Wakati huohuo seli za misuli zinaunda protini mpya kwa kasi kuliko kawaida, na baada ya mazoezi mazito huweza kuendelea hivyo kwa saa 24 hadi 48. Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42.195 mjini Vienna, Oktoba 12, 2019, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, mwili wake ulikuwa na kazi hiyo yote mbele yake. Nani alimwita mgonjwa?

Najua nitajibiwa kwamba mazoezi mazito huchana nyuzi za misuli kidogo kidogo, kwa hiyo zinapona. Hoja hiyo naiheshimu. Mtaalamu anayezungumzia uzi mmoja uliochanika, aseme umepona, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni kumwambia mchezaji mzima kwamba "anapona" kila Jumatatu. Tukifanya hivyo, aliyekatika kano za goti na kukaa nje miezi tisa tutamwambia nini? Tumelichukua neno lake tukawagawia wazima, na siku kocha akitangaza kwamba kikosi kizima kinapona, mashabiki watadhani hakuna wa kucheza.

Ahueni na nafuu, zote zenye asili ya Kiarabu, nazo ni za mgonjwa, usiziguse. Vijana wa jimu wanaosema "kurikava" nimechoka kuwakemea. Silipendi neno lao, lakini angalau halijampokonya mgonjwa chake.

Basi, mwalimu, futa "siku ya kupona" uandike "siku ya kurudisha nguvu". Mpigie yule mzazi umtoe hofu. Na kwenye safu ya kijana wa goti, hapo andika "anapona", kwa wino mzito.