Sherehe ya Kichina mwaloni: panga kwa kufuata mwezi mpevu, meza kuu iache

Siku hizi kila shule na kila kikundi cha vijana ninachokifahamu hapa Mwanza kina wazo la kuandaa siku ya utamaduni wa Kichina. Si ajabu. Daraja la JPM pale Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 19, 2025, limejengwa na makampuni ya Kichina. Reli ya SGR kipande cha Mwanza–Isaka, kilometa 341, ni kazi yao pia. Na mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwake, yanayoanikwa huku kwetu, safari yake inaishia kwenye bakuli za supu China. Tunafanya kazi pamoja na kuuziana vitu, ila kujuana bado.

Nimeshiriki kuandaa sherehe hizi kiasi cha kuwa na msimamo, nao ni huu: sherehe inayokumbukwa ni ile ambayo mtoto anarudi nyumbani na wino vidoleni. Ile ya mahema, risala na burudani kutoka kwa kikundi husahaulika kabla hata viti vya kukodi havijarudishwa.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo wengi wanakimbilia Mwaka Mpya wa Kichina bila kufikiri. Mwaka Mpya huo unafuata kuandama kwa mwezi, kwa hiyo huangukia popote kati ya Januari 21 na Februari 20. Januari unaijua mwenyewe: ada, sare, madaftari. Mzazi hana hata nauli ya daladala ya kuja kutazama joka la karatasi. Sikukuu ya Taa, inayofunga shamrashamra za Mwaka Mpya siku ya kumi na tano, ingefaa zaidi, lakini kwa 2026 ni Machi 3 na kwa 2027 ni Februari 20, na tarehe zote mbili ziko ndani ya Ramadhani. Utapika vyakula halafu nusu ya majirani zako wamefunga.

Mimi nashauri Sikukuu ya Katikati ya Vuli. Ni siku ya 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda ya Kichina: Septemba 25 kwa mwaka 2026, Septemba 15 kwa 2027. Mvua za vuli bado hazijakolea, na muhimu zaidi, ni usiku wa mwezi mpevu. Mtu wa ufukweni anajua maana yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwavuta. Mbalamwezi ikitanda, taa haina nguvu na mitumbwi inabaki nchi kavu. Kwa hiyo usiku ule ambao Wachina wanakaa nje na familia zao kuutazama mwezi, wavuvi wetu nao wako nyumbani, wanashona nyavu na hawana haraka. Hadhira unaipata bila tangazo la spika.

Jambo jingine dogo ambalo waandaaji hawalitazami: viti. Kila mtu akifika mwaloni anapanga viti kuelekea ziwani. Fukwe zetu za Ghuba ya Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Nyegezi na Luchelele, ziwa liko magharibi. Mwezi mpevu unachomoza mashariki, nyuma ya migongo ya watu, juu ya vilima vya mawe, wakati jua linazama. Pindua viti. Anza saa 10 jioni ili shughuli za mikono ziishe kukiwa na mwanga, na saa 12 na nusu kila mtu awe amekaa.

Hizo shughuli za mikono sasa. Watu hudhani sanaa ya maandishi ya Kichina inahitaji karatasi maalumu, brashi za gharama na wino wa kuagiza. Katika bustani za China utawakuta wazee asubuhi wameshika brashi kubwa ya sponji yenye mpini mrefu, ndoo ya maji pembeni, wanaandika sakafuni. Jua likiwaka, maandishi yanakauka na kupotea, wanaandika tena. Wanaiita dishu. Nani ana mawe ya kuandikia kuliko sisi? Tulifunga vipande vya sponji ya godoro kwenye vijiti, tukajaza ndoo ziwani, tukawapeleka watoto kwenye jabali bapa. Walianza na alama ya mwezi, 月, yenye mikwaruzo minne tu. Waliozoea wakapanda hadi samaki, 鱼, yenye minane. Brashi inashikwa wima, si kulazwa kama kalamu ya risasi, na mpangilio wa mikwaruzo haurukwi. Aliyekosea hana haja ya kifutio, anasubiri jua. Wino halisi na magazeti ya zamani waletee wale waliokwisha kupata mkono, ndipo vidole vichafuke.

Kukata karatasi nyekundu nako watoto hukupenda, na ni sanaa ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi mwaka 2009. Ila ifanyie darasani. Upepo wa ziwa wa alasiri hauna adabu.

Lakini kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu, fanya taa zenye mafumbo. Ni desturi ya kale ya Wachina, hasa kwenye ile Sikukuu ya Taa, na sehemu nyingine hata kwenye sikukuu hii ya mwezi: fumbo linaandikwa kwenye kikaratasi, kinaning'inizwa chini ya taa, anayelijua anakichomoa na kwenda kudai zawadi. Kuna mtoto wa Kitanzania anayehitaji kufundishwa hilo? Wape watoto wiki nzima wakusanye vitendawili kwa bibi na babu zao, vya Kiswahili na vya Kisukuma, au Kikerewe kama uko kisiwani. Taa zitengenezwe kwa waya mwembamba, karatasi nyekundu na chupa za maji zilizokatwa, ndani mkaweka kitochi cha sola. Mshumaa hapana, kuna upepo na kuna mapaa ya makuti. Na zile taa za kurushwa angani usiziguse kabisa, hujui zitaangukia paa la nani.

Kwetu kizaazaa kilianza fundi mmoja wa reli, Mchina wa makamo, alipochomoa kikaratasi na kusomewa: "Nyumba yangu haina mlango." Akafikiri, akaashiria hema, akaashiria kaburi, watoto wanaruka kwa furaha. Mama muuza mihogo akamwonea huruma, akampitishia yai la kuchemsha chini ya meza. Alipoliinua juu, mwalo mzima ulipiga vigelegele. Baadaye akatega la kwao kupitia mkalimani, na ikawa zamu yetu kuumia kichwa.

Hapo naingia kwenye suala la wageni wenyewe. Ukiandika barua kwa kampuni, usianze kwa kuomba fedha. Omba watu. Na usimng'ang'anie meneja, muulizie mpishi wa kambi. Meneja atakuja na suti akae meza kuu, mpishi atakunja mikono ya shati na kuwafundisha akina mama kufinya jiaozi, vile vidonge vya unga wa ngano vyenye nyama ndani. Mwambie mapema nyama iwe ya ng'ombe au kuku, isiwe nguruwe. Ataelewa, kwao kuna Waislamu mamilioni.

Watoto nao waongeleshe kabla. Kuna ile tabia ya kuvuta macho kwa vidole, kuiga lugha kwa kelele na kurusha mateke ya sinema kila wamwonapo Mchina. Wanadhani ni utani. Waambie siyo, na uwaambie mara moja tu kwa uzito, halafu wafundishe cha kusema badala yake: "Ni hao" kwa rika, na "Shikamoo" kwa mtu mzima, maana yuko kwetu. Wengi waliokaa huku miaka kadhaa wanaitikia "Marahaba" bila kufikiri.

Keki za mwezi, yuebing, ndizo chakula cha sikukuu yenyewe. Za dukani hupati Mwanza kwa urahisi, na za kuagiza zina bei. Tengenezeni. Ndani huwekwa vitu vingi, na kimojawapo ni choroko zilizopikwa, zikapondwa na sukari na mafuta hadi ziwe laini. Choroko Kanda ya Ziwa tunazo tele. Oka kwa sufuria, mkaa chini na juu kama keki nyingine yoyote. Watu hushangaa kula choroko tamu, wakishamaliza kushangaa wanaomba nyingine. Chai ya kijani isiyo na sukari ni habari nyingine, weka bakuli la sukari karibu na usimhukumu mtu.

Na kama mgeni wako Mchina ana kipande cha bondo, mwombe akipike mbele ya watu. Hulowekwa majini usiku kucha, linavimba, linachemshwa taratibu kwa supu, halina ladha kali, linashika ladha ya mchuzi. Nimeona wachuuzi waliouza mabondo nusu ya maisha yao wakilionja kwa mara ya kwanza, na mmoja akauliza kwa uchungu kabisa, "Sasa hiki ndicho kinachowatoa fedha zote zile?"

Hadithi ya usiku ni ya Chang'e, bibi aliyekunywa dawa ya uzima akapaa hadi mwezini, ambako yupo na sungura. Mwalimu wa sayansi asikae kimya hapo: chombo cha China kilichopewa jina hilohilo, Chang'e-6, kilirudi duniani Juni 2024 na udongo wa upande wa mwezi usioonekana kutoka kwetu, kwa mara ya kwanza katika historia. Ngano, kisha roketi, na mwezi wenyewe uko juu ya mawe. Sijaona kipindi cha sayansi chenye wanafunzi watulivu namna ile.

Ngoma ya Kisukuma isiwe ya kujaza nafasi kati ya hotuba. Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wamezoea kushindana kuvuta watu, kama afikaye Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma, ajuavyo. Mpe mpiga ngoma wa Kisukuma kazi ya kuliongoza joka la viroba na fito mlilotengeneza, maana joka la Kichina nalo hufuata ngoma. Wa Buyeye, wale wachezaji wa nyoka, wakitaka kuja na chatu, wakae mbali na watoto wa chekechea.

Taarifa kwa serikali ya mtaa na afisa utamaduni peleka mapema, hilo halina mjadala. Zawadi za washindi zisiwe saa za ukutani tulizozoea kupeana. Kwa Wachina kumpa mtu saa ni mwiko, inahusishwa na mazishi.

Na mgeni rasmi, kwa sababu lazima atakuwepo. Mwandalie risala ya ukurasa mmoja, kisha badala ya hotuba ndefu mpe taa yenye kitendawili. Akishindwa, atoe mji kama mtu mwingine yeyote. Wa kwetu alitoa Geita. Watoto wakagoma, wakataka Beijing, akawapa.