Kadi ya shukrani kwa aliyekualika chakula: kwa nini inajikunja ukibandika kitenge
Inajikunja kwa sababu gundi nyeupe ni nyingi, maji yake yanalowesha manila. Kipige kitenge pasi, paka gundi kidogo, isambaze kwa kipande cha karatasi ngumu mpaka iwe utando tu, kisha laza kadi ikiwa wazi chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Manila ya A4 ikate upate A5 mbili. Kila moja ikikunjwa inaingia bahasha ya C6. Kwanza chora mstari wa mkunjo kwa rula na biki iliyoisha wino, la sivyo manila inapasuka.

Maneno andika kabla ya kubandika. Ukikosea, unabadilisha manila tu, kitambaa hakijaharibika. Taja chakula chenyewe: “Shemeji, ule wali wa nazi!” “Asante kwa yote” ni baridi mno.