Kipimajoto chako kinapima wapi?

Barua za safari hii karibu zote zinatoka kwa wanaopika bia nyumbani kwa sufuria ya umeme, na zinauliza jambo moja: joto la kimea wakati wanga wake unageuka sukari.

Mwalimu, nimeweka kidhibiti cha joto kwenye nyuzi 66 na kipimajoto kinasoma 66, lakini bia yangu inabaki tamu hata hamira ikimaliza kazi. Kipimajoto nimekichomeka katikati ya nafaka. – Msomaji, Ntinda

Hapo katikati ndipo penye tatizo. Hita iko chini, na nafaka hupitisha joto polepole. Katikati pakiwa bado 60, kidhibiti kinaendelea kuwasha hita, na maji yanayoigusa yanavuka 72 bila wewe kujua. Kimeng'enya, yaani kitu ndani ya kimea kinachokata wanga kuwa sukari, kile kinachotoa sukari inayoliwa na hamira hupenda 60 hadi 65. Joto likizidi 70 hufa upesi, na ukipoza maji hakifufuki. Kinachobaki ni kimeng'enya kingine kinachostahimili joto, ambacho sehemu kubwa ya sukari yake hamira haiigusi. Utamu wako unatoka huko.

Kifunge kipimajoto kwenye bomba, pale maji yanapotoka kwenye sufuria kwenda kwenye pampu inayoyarudisha juu ya nafaka. Hapo kitasoma joto la maji yaliyotoka kwenye hita. Nafaka itachelewa kufikia 66; iache ichelewe. Maji yakiacha kuzunguka, zima hita kwanza, ndipo utafute kilichoziba.

Hita yangu ya wati 2,400 inakuwa mvivu jioni. Imeanza kufa? – Msomaji, Jinja

Pima volti kabla ya kununua nyingine. Hita ya wati 2,400 kwa volti 240, ikipata volti 200, inatoa kama wati 1,670 tu. Lita 20 za maji kutoka 25 hadi 67, ambazo zingechukua dakika 24 hivi, zitachukua 35. Pika asubuhi. Na shika plagi: ikiwa ya moto, mwite fundi akaze nyaya, na akuwekee swichi ya miliampia 30 inayokata umeme unapovuja. Umeme na maji kwenye meza moja bila swichi hiyo, mimi sikubali.

Umeme ukikatika katikati ya kazi? – Msomaji, Mukono

Funika sufuria, izungushie blanketi, subiri. Kimea cha shayiri hufanya sehemu kubwa ya kazi mapema. Ila hita isiwake yenyewe umeme ukirudi. Pampu ianze kwanza, la sivyo utaunguza.

Nataka kutumia mtama wa hapa kwetu. Nafuata joto lile lile la shayiri? – Mama, Soroti

Hapana, Mama, na nimefurahi umeuliza kabla ya kumwaga gunia. Wanga wa mtama hufunguka kwenye joto la 70 na zaidi, na joto hilo linaua vimeng'enya unavyovihitaji. Ukikaa 66 wanga haufunguki vizuri. Ukipanda 75 unafunguka, lakini vimeng'enya vya kuukata havipo tena. Kiwanda kinachopika bia ya mtama huongeza vimeng'enya vya kununua.

Wewe vitenganishe. Loweka unga wa kimea cha mtama kwenye maji ya nyuzi 50 hivi, uache utulie, kisha chota maji ya juu uyaweke pembeni. Hayo ndiyo yenye vimeng'enya. Masimbi yaliyobaki yachemshe kama uji kwa nusu saa, ukikoroga, kwenye sufuria nyingine, maana juu ya hita yataungua. Yapoze hadi 65, rudisha yale maji, na hapo ndipo kidhibiti kishike 65. Wapishi wa ajono, pombe ya ulezi ya huko kwenu, wanaujua mpango huu tangu zamani: unga uliochachushwa hukaangwa kwanza, halafu kimea kibichi huongezwa baadaye.

Baada ya saa moja weka tone kwenye sahani nyeupe, lidondoshee aidini ya duka la dawa. Likigeuka bluu nyeusi, wanga bado upo. Tone hilo limwage, usilirudishe.

Maji yangu yanachemka kipimajoto kikisoma 93. Ni kibovu? – Msomaji, Kabale

Kizima kabisa. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na huko maji huchemka hapo hapo. Kampala ni kama 96. Kihakikishe pia kwenye barafu inayoyeyuka, isome 0.