Dume au jike? Maswali ya wasomaji kuhusu samaki wa tangi la kioo

Barua za mwezi huu karibu zote zimeuliza jambo moja: jinsi ya kutambua dume na jike wa siklidi. Huo ndio ukoo wa sato na perege tunaowakaanga, na ndio huohuo wa mbuna (siklidi wa kwenye mawe ya Ziwa Nyasa), furu (wa Ziwa Victoria) na enjeli tunaowatazama sebuleni.

SWALI: Nilinunua samaki wanane wa njano wa Ziwa Nyasa. Muuzaji alisema wenye madoa ya duara kwenye pezi la chini ndio madume. Nimewamulika kwa tochi, wote wanane wana madoa. Je, nimeuziwa madume tu? (Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Si lazima. Kwa maelezo yako hao ni Labidochromis caeruleus, na muuzaji amekupa nusu ya habari. Yale huitwa madoa ya mayai, nayo hukaa kwenye pezi la mkundu, lile linaloanzia nyuma ya tundu la haja. Jike akishataga hugeuka haraka na kuyadaka mayai mdomoni, kisha hudonoa madoa ya dume kama anayeokota yaliyobaki. Hapo dume humwaga mbegu, na mayai yanarutubishwa mdomoni mwa mama yao. Dume basi anayahitaji madoa hayo, lakini majike wengi wa mbuna nao huwa na moja au mawili. Usihesabu madoa; tazama yalivyo. La dume kwa kawaida ni kubwa, limekolea na ukingo wake unaonekana wazi, ilhali la jike ni dogo na limefifia.

Kwa hao wa njano tazama pia weusi. Dume aliyekomaa hupata weusi mzito kwenye mapezi ya tumbo na pezi la mkundu. Wa jike huwa hafifu. Hata hivyo jike mbabe naye hukolea, kwa hiyo ukiishia kwenye rangi utakuwa umekisia tu. Walio chini ya sentimita 5 waache wakue kwanza. Ukimwona mmoja anasusia chakula, kidevu kimetuna na anatafunatafuna hewa, huyo ni jike amebeba mayai. Atakaa hivyo kama wiki tatu.

SWALI: Nasikia wapo wanaomgeuza samaki tumbo juu wakajua jinsia yake papo hapo. Hufanywaje bila kumuua? (Msomaji wa South B, Nairobi)

JIBU: Hii ndiyo njia tunayoiamini kuliko zote kwa mbuna, na haihitaji kifaa cha kununua. Inahitaji mikono yenye maji, mwanga mkali, na samaki zaidi ya mmoja wa kulinganisha.

Siku moja kabla usiwalishe, maana samaki aliyeshiba atakunyea mkononi na tundu la haja litakuwa limetanuka. Toa mawe yote kwenye tangi. Kumkimbiza mbuna katikati ya mawe ni kumchubua bure. Punguza maji yabaki kina cha shubiri moja, na sehemu ya maji uliyoyatoa iweke kwenye beseni. Tumia nyavu mbili za mkono, moja ikisukuma na nyingine ikingoja. Loweka kitambaa laini kwenye maji ya tangi, mfunge samaki nacho ukimfunika macho, naye atatulia. Mkono mkavu au taulo kavu huondoa ute wa ngozi, na siku chache baadaye utaona pamba nyeupe za kuvu pale ulipomshika.

Mgeuze tumbo juu, kichwa kikielekea kwako. Kabla ya pezi la mkundu utaona matundu mawili yaliyofuatana. Lililo karibu na kichwa ni la haja, na lililo karibu na pezi ni la uzazi. Kwa dume yote mawili ni madogo na yanakaribia kulingana. Kwa jike lile la uzazi ni pana waziwazi kuliko la haja, kwa sababu ndipo yai linapopita, na yai la mbuna si dogo. Wengi hukosea kwa kuyasoma kinyumenyume, wakidhani la karibu na kichwa ndilo la uzazi, kisha wanaandika majike wote kuwa madume. Anza na pezi la mkundu, uhesabu kuelekea kichwani: la kwanza ni la uzazi, la pili ni la haja.

Usimtoe majini zaidi ya nusu dakika. Piga picha ya karibu kwa simu, mrudishe kwenye beseni, mchukue mwingine. Ukishapiga picha zote, ziweke pamoja kwenye kioo cha simu. Samaki mmoja peke yake atakudanganya, lakini wanane wa umri mmoja hujigawa wenyewe makundi mawili. Wafugaji wa sato wana ujanja wao wa kupaka rangi ya chakula au methilini bluu kwa kijiti cha pamba, ili mpasuko wa jike uonekane. Kwa mbuna wa sentimita 7 au zaidi mwanga mzuri hutosha, ila macho yakishindwa, jaribu.

Aliyebeba mayai usimguse, atayatema. Na jike aliyetaga jana huwa na kijibomba cha kutagia kimechomoza, ambacho wengi wamekiona wakasema ni dume.

SWALI: Nina Pundamilia nyererei sita, mmoja mwekundu mgongoni na watano wa kijivu. Yule mwekundu alikufa. Wiki iliyofuata mmoja wa kijivu akaanza kuwa mwekundu! Samaki hubadili jinsia? (Msomaji wa Nyegezi, Mwanza)

JIBU: Hapana. Alikuwa dume siku zote, alijificha. Furu huyo, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, anatoka kwenye mawe ya huko kwenu, na dume wake anayetawala ndiye anayevaa nyekundu, njano na mistari myeusi. Madume walioshindwa hubaki na rangi ya majike ili wasipigwe. Melanochromis auratus wa Nyasa ana tabia hiyohiyo: majike ni wa njano wenye mistari myeusi, dume anayetawala hugeuka mweusi, na dume mnyonge huendelea kuvaa njano.

Ukitaka kujua kama kuna mwingine aliyejificha, mtenge huyu mpya nyuma ya kioo cha kugawa tangi kwa wiki mbili. Atakayebadilika kati ya waliobaki ni dume. Lengo lako ni dume mmoja kwa majike wanne. Madume wawili katika lita 100 huishia mmoja.

Jambo moja zaidi, nalo ni zito. Majike wa furu wa aina mbalimbali wanafanana mno, na jike humchagua dume kwa rangi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa ziwani maji yanapochafuka, jike hashindwi tu kuona bali huchanganya aina. Sebuleni pia taa ya manjano hufanya hivyohivyo. Weka taa nyeupe, na aina moja tu ya Pundamilia kwa tangi.

SWALI: Nina Neolamprologus brichardi, siklidi wa Ziwa Tanganyika. Hakuna tofauti ya dume na jike ninayoiona. (Msomaji wa Kigoma)

JIBU: Hata sisi hatuioni kwa uhakika. Nunua wadogo sita, wape mapango ya mawe, wachaguane wenyewe. Wawili wakishalinda pango, wale wanne waondoe upesi kabla hawajauawa. Ukifuga Julidochromis marlieri, naye wa Tanganyika, usidhani mkubwa ndiye dume, maana kwao aliye mkubwa mara nyingi ni jike.

SWALI: Enjeli wangu wawili hutaga kwenye bomba la filta, mayai hugeuka meupe siku ya pili. (Msomaji wa Nyali, Mombasa)

JIBU: Yai jeupe halina uhai. Jozi changa huharibu mara mbili tatu za mwanzo, hilo ni la kawaida. Likiendelea, shuku majike wawili, kwa kuwa enjeli jike hujipatia mwenzi jike akikosa dume. Watazame wanaposafisha bomba kabla ya kutaga: kijibomba cha uzazi cha dume ni chembamba chenye ncha, cha jike ni kinene na butu. Wakiwa na vinene wote wawili, mmoja mbadilishe.

SWALI: Nimeona dukani Aulonocara, siklidi wa Ziwa Nyasa, wa sentimita 4, wote wana rangi kali. Ninunue? (Msomaji wa Kampala)

JIBU: Usinunue. Dume wa aina hiyo huanza kupaka rangi akifika sentimita 5 hadi 8, na jike hubaki kijivu maisha yote. Kundi zima la wadogo wenye rangi kali ni dalili ya chakula chenye homoni ya kiume, ileile ya methiltestosteroni wanayolishwa vifaranga wa sato ili wote wawe madume. Baada ya miezi michache bila homoni, majike hurudi kijivu, na hata waliobaki na rangi huenda wasizae. Tafuta kundi ambalo nusu yake ni ya kijivu isiyovutia.